Cheti cha Kwenda Chini

Ufa ulionekana juu ya kitanda cha Bibi siku ileile niliyorudi nyumbani kwa likizo, na kwa kuwa katika familia yetu haki hutendeka upesi, nilishtakiwa kabla sijavua viatu.

"Umechora na nini?" aliuliza Mama, macho yake darini.

Nikamwambia sikuchora. Mama ni muuguzi wa chumba cha majeruhi na amezoea kuwasikia watu wakiapa kwamba hawajaonja hata tone, kwa hiyo hakujisumbua kubishana nami. Alinipa kifutio. Nikapanda kitandani, nikafuta kwa unyenyekevu wa mfungwa, na ufa haukufutika. Ulinidondoshea tone la maji ndani ya jicho.

Hapo nikaondolewa kwenye kundi la washukiwa. Kundi likabaki na mtu mmoja.

Chumba chenyewe kilikuwa kipya. Baba alikijengesha nyuma ya nyumba wakati mimi niko shuleni, kwa sababu magoti ya Bibi yalikuwa yamestaafu na ngazi za nyumba kubwa hazikutaka kusikia habari hiyo. Kilikuwa na dirisha linalotazama geti, ili Bibi aone nani anaingia na amebeba nini. Juu yake hapakuwekwa mabati. Palimwagwa zege bapa, na juu ya zege likakalishwa tangi la maji la nyumba nzima, jeusi na nene, kama mtu aliyekaa akisubiri chakula. Kwa hiyo chini alilala Bibi. Juu ya Bibi dari, juu ya dari tangi, na ufa ulikuwa umetoka ukutani ukaja taratibu hadi usawa wa kifua chake, kama mtu anayemtafuta.

"Ahame sasa hivi," alisema Mama.

"Sihami," alisema Bibi kutoka kitandani. "Nikitoka humu mtanipeleka kwa mwanangu mkubwa, na mkewe akikupa mkate anautazama mpaka unapoingia tumboni."

"Hakuna anayekupeleka popote, Mama," Baba akasema.

"Ndivyo ulivyosema uliponitoa kwangu." Kisha akanigeukia. Bibi huniita mke mwenza, na marehemu babu tunamwita mume wetu. Ni utani wetu tangu nilipojua kusema. "Mke mwenza, waambie hawa. Mume wetu angekubali nifukuzwe kitandani na mstari?"

"Angetaka kwanza kujua nani kauchora," nikasema.

Mama akatoka nje bila kucheka. Chini ya dirisha la Bibi kuna koki mbili: moja hupandisha maji kwenye tangi, nyingine ni ya bomba la bustani. Akaifunga ile ya tangi kwa nguvu zake zote, akatutangazia kwamba tangi litatumika mpaka likauke na baada ya hapo tutaoga kwa ndoo. Halafu akamwambia Baba ampigie simu mtu aliyejenga.

Aliyejenga alikuwa Bwana Dhamana. Hilo si jina alilopewa na wazazi wake, lakini ndilo alilolitafuta mwenyewe, maana hakuwahi kumaliza sentensi mbili bila kusema kazi yake ina dhamana. Baba alimjua tangu ujana. "Tumelala bweni moja," Baba hupenda kusema, kwa sauti ya mtu anayetaja shahada. Mimi, ambaye hadi leo naishi bwenini, nina ushahidi wa kutosha juu ya jambo hilo. Mtu uliyelala naye bweni moja ndiye mtu pekee duniani ambaye una hakika aliwahi kukuibia sukari.

Alikuja kesho yake akiwa amevaa shati lililopigwa pasi, penseli ya fundi nyuma ya sikio, na viatu vya kazi ambavyo havikuwa vimeonja kazi. Alimsalimia Bibi kwa heshima zote. Alimsalimia akiwa mlangoni. Alitazama ufa akiwa mlangoni. Alitingisha kichwa, akaguna kitaalamu, akaandika kitu hewani kwa kidole, yote hayo mlangoni, na mguu wake haukuvuka kizingiti hata mara moja. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta nikimtazama, na nilianza kumshuku kuanzia kwenye viatu kwenda juu.

"Plasta tu," akasema. "Zege likikauka hujinyoosha, kama mtu anayeamka."

"Na maji?" Mama akauliza.

"Jasho, shemeji. Zege hutoa jasho."

"Basi linafanya kazi kuliko waliolijenga," Bibi akasema.

Bwana Dhamana akacheka sana, zaidi ya utani wenyewe ulivyostahili. "Jumamosi naleta vijana. Tunaziba, tunapaka rangi, Mama yetu analala kama mtoto. Bure! Kazi yangu ina dhamana."

Alipoondoka Baba alionekana kama mtu aliyepona homa. "Mmeona? Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Anakuja kuziba."

"Methali haisemi nani azibe," nikasema.

"Kwa mara ya kwanza katika likizo hii," Mama akasema, "mtoto huyu ana akili. Kabla huyo bwana hajagusa hata rangi, nataka kuona usajili wake na bima yake."

"Mke wangu! Mtu niliyelala naye bweni moja, nimwambie alete vyeti?"

"Kijana wake akianguka kutoka juu ya paa letu, nani atamtibu? Hilo zege likimwangukia mama yako, nikamdai nani? Mimi napokea watu waliotolewa chini ya kuta, baba watoto. Wote kuta zao zilikuwa na dhamana. Dhamana ni neno la mtu. Bima ni kampuni yenye mlango, naweza kwenda kuugonga."

Baba alitazama mikono yake. Baba ni mfamasia, na ni mpole kiasi kwamba akijigonga kwenye mlango humwomba mlango radhi. Ilikuwa wazi kwa kila mtu kwamba hawezi. Kazi ya kukosa adabu, kama kawaida, ikaletwa kwa mtaalamu.

Nilimwandikia Bwana Dhamana ujumbe wa simu wenye heshima hata mwalimu wangu wa nidhamu angelia. *Shikamoo Mjomba. Shuleni tumepewa kazi kuhusu wajenzi mashuhuri wa mji wetu. Nimekuchagua wewe. Naomba picha ya cheti chako cha usajili na ya bima yako, ili wenzangu waone mfano wa kuigwa.*

Picha zilikuja kabla sijaweka simu chini. Cheti kilikuwa cha kweli kwa macho: kilikuwa na muhuri, namba, jina la Bodi ya Makandarasi, na saini inayofanana na mdudu aliyekanyagwa. Lakini katikati ya cheti, mahali penye mstari mmoja muhimu, palikuwa na kidole gumba. Kilikuwa kimelala hapo kwa raha, kimenona, na kucha imekatwa vizuri.

Nikamwandikia tena: *Mjomba, kidole chako ni mashuhuri pia, lakini walimu wanataka cheti.* Akatuma nyingine. Safari hii kidole kimeondoka na mahali pake pameangukiwa na mwanga wa dirisha, mweupe kama mayai. Nikaomba ya tatu. Kidole kilirudi, kimekuja na mwenzake.

Picha ya bima ilikuwa safi, ila iliishia pale maelezo yalipoanza.

Mama alizitazama zote, simu ikiwa karibu na pua yake. "Kidole hiki hakikujisahau," akasema. "Hiki kiko kazini. Vaa viatu, twende wenyewe."

Ofisi ya Bodi ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo ambalo, nilifurahi kuona, lilikuwa na nyufa zake binafsi. Palikuwa na benchi, feni iliyozunguka kwa kusitasita, na dirisha la kioo lenye tundu dogo la kupitishia sauti. Nyuma yake alikaa karani, mwanamke mwenye sweta na miwani ya mnyororo, akituangalia kama watu waliokuja kumwomba figo. Mama akamsomea namba ya usajili kutoka kwenye picha. Karani akaibonyeza kwenye kompyuta.

"Amesajiliwa," akasema. "Ada amelipa. Hana shauri lolote."

Mama alishusha pumzi. Nami, nakiri, nilisikia uchungu kidogo. Hakuna kinachomuumiza mtu kama kushuku kwa bidii halafu mshukiwa akawa mwema. Tulishaanza kushukuru na kugeuka. Hapo Mama akasimama, kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha jiko linawaka.

"Samahani, mama. Amesajiliwa kufanya nini?"

Karani akasogeza miwani. "Kazi maalumu. Visima na mashimo ya maji machafu."

"Visima?"

"Kuchimba. Anaruhusiwa kwenda chini kadiri apendavyo. Juu, hapana."

"Ametujengea chumba," Mama akasema.

"Hicho chumba kiko chini ya ardhi?"

"Bado," Mama akasema.

Kwa mara ya kwanza karani akaweka kalamu yake mezani. Alituambia kwa upole kwamba mtu wa visima akijenga zege la juu, hata kama mkono wake ni mzuri, hakuna aliyempima kwa kazi hiyo. Na akirudi kulizibaziba, ni makosa juu ya makosa. Tumtafute mwenye usajili wa majengo. Tuombe bima yake. Na tusiamini karatasi, tuipigie simu kampuni yenyewe, tuulize bima ipo leo na inafunika nini. "Watu huuliza swali moja wakaenda zao," akasema. Halafu akakunja uso mbele ya kompyuta. "Kama huyu hapa. Naona namba hii iliwahi kuulizwa mwaka huuhuu. Mtu alipiga simu."

"Nani?"

"Jina hatuandiki. Tunaandika kwamba tumejibu."

Tukarudi nyumbani kwa miguu. Mama alitembea mbele yangu akiwa ameshikilia mkoba kwapani, na kisogo chake kilikuwa kinafikiri. Mimi nami nilikuwa nafikiri. Kuna mtu alimchunguza Bwana Dhamana kabla yetu, akajua au asijue, akanyamaza. Nilianza kwa kumshuku jirani, ambaye ana macho ya kutosha. Nikamshuku mwenye duka la saruji. Nikamshuku hata Bibi, kwa sababu za kitaalamu. Mtu mmoja tu sikumshuku, kwa kuwa nilidhani hawezi.

Tulipofika, Bibi aliletewa habari zote kitandani. Alizisikiliza akiutazama ufa.

"Kwa hiyo nimelala ndani ya kisima," akasema.

"Piga simu ya bima," Mama akaniambia. "Una sauti ya kikubwa ukitaka uovu."

Nikapiga, nikajitambulisha kama katibu muhtasi wa Baba, cheo ambacho Baba hana uwezo nacho. Wakala wa bima alikuwa mchangamfu. Ndiyo, bima ya bwana yule ipo, hai kabisa. Inalipa kisima kikiporomoka, inalipa mchimbaji akiumia shimoni, inalipa mbuzi wa jirani akitumbukia.

"Na dari ikianguka?"

Nikasikia karatasi zikifunuliwa. "Dari ya kisima?"

Bibi alikuwa amenivuta mkono. "Mwambie ni kisima," akanong'ona. "Si kinatoa maji? Tofauti yetu ni kwamba chetu kimegeuzwa tu."

Nilimweleza wakala hoja ya mteja wangu. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema hapana.

Baba aliporudi kazini, Mama hakumpa hata nafasi ya kuweka mfuko wake chini. Alimweleza kuhusu visima, alimweleza kuhusu bima, na mwishoni, kwa sauti ndogo anayoitumia kabla ya kudunga sindano, akamweleza kuhusu mtu aliyepiga simu.

Baba akakaa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Ni mimi," akasema.

Upande wa pili wa ua kitanda cha Bibi kikalia: alikuwa amegeukia dirisha lililo wazi asikie vizuri.

"Nilipiga kabla hajaanza kujenga. Nikauliza, huyu bwana amesajiliwa? Wakasema ndiyo. Nikashukuru, nikakata."

"Hukuuliza amesajiliwa kufanya nini?"

"Nilishaona aibu kuuliza lile la kwanza." Alitazama meza. "Ni rafiki yangu. Nilijiona kama mwizi, nimejifungia stoo ya dawa, nanong'oneza jina lake kwenye simu. Waliposema ndiyo, nilitaka tu iishe."

"Kwa hiyo ulimshuku," Mama akasema.

"Kidogo."

"Ungemshuku sana."

Nilikuwa na maneno kadhaa mazuri ya kuongeza hapo. Nilimtazama Baba usoni, nikayameza. Yalikuwa makavu.

Mama akasema basi, Jumamosi asije, apigiwe simu. Baba akasema hapana, atamwambia uso kwa uso. Ameshazungumza juu yake kwa simu vya kutosha. Mama akageukia lile jambo kubwa zaidi, akamsihi Bibi atoke chumbani. Akambembeleza, akamtisha, akamwonyesha kwa mikono jinsi zege linavyovunja mbavu. Bibi akajibu kwamba tangi limeshafungwa, na kwamba mzee akishatoka kitandani mwake mara moja, kitanda hupata wageni wengine. Hakuna aliyeweza kumbeba kwa nguvu. Mama alikuwa akiingia mle kila mara, anasimama, anautazama ufa kama anavyotazama kidonda, anatoka.

Jumamosi Bwana Dhamana alifika na vijana wawili na mkokoteni. Niliukagua mkokoteni kama askari wa forodha. Mfuko wa saruji ulikuwa mmoja, tena umeshafunguliwa. Ndoo za rangi zilijaa pande zote.

"Mjomba, mbona rangi imeshinda saruji?" nikauliza.

"Urembo, mwanangu! Mwenye nyumba anaona rangi, haoni saruji."

"Hilo ndilo linalotutisha," Mama akasema.

Baba alisimama mbele ya mlango wa chumba cha Bibi, mikono nyuma, na kwa muda alizungumza juu ya hali ya hewa. Akazungumza juu ya afya ya familia ya Bwana Dhamana, mmoja mmoja. Nilidhani tutafika jioni. Kisha akasema, ghafla kama mtu anayejitumbukiza kwenye maji baridi, "Wewe ni mtu wa visima."

Tabasamu la Bwana Dhamana lilibaki mahali pake, ila mwenyewe alikuwa ameondoka nyuma yake. "Nani kasema?"

"Bodi."

"Mmenichunguza? Mimi? Tuliolala bweni moja, tukala sahani moja?"

"Nilikuchunguza kabla hujachimba hata msingi," Baba akasema. "Sijutii kukuchunguza. Najuta kwamba nilikuchunguza nusu."

"Kisima ni nini?" Bwana Dhamana akapaza sauti, akiwageukia vijana wake, mkokoteni, na mimi. "Si jengo lililogeuzwa? Anayejua kushuka anajua kupanda! Hilo zege linaweza kubeba lori. Ni plasta! Nimesema ni plasta!"

"Mwacheni aingie," ikasema sauti kutoka ndani.

Bibi alikuwa amesimama kizingitini na mkongojo wake. Hatukuwa tumemsikia akiinuka.

"Mwanangu, unasema ni plasta tu?"

"Plasta tu, Mama yangu."

"Na mimi nasumbua watu bure."

"Hapana, Mama, ni wasiwasi wa kawaida."

"Basi njoo ulale." Akakielekeza kitanda kwa mkongojo. "Umesimama tangu asubuhi. Jilaze kidogo mahali pangu, hawa waone, wasiwasi uwatoke. Mimi nakupisha." Na Bibi, aliyekuwa amekataa kutoka kwa kubembelezwa, kwa kutishwa na kwa elimu ya mbavu, akatoka kwa adabu ya kumpisha mgeni. Mama alikuwa ameshamletea kiti uani kabla hajamaliza hatua ya pili.

Bwana Dhamana alitutazama. Hapakuwa na njia ya kukataa. Alivuka kizingiti, mara ya kwanza, akaketi ukingoni mwa kitanda, akalala chali na viatu vyake safi, mikono kifuani.

"Mnaona?" akaiambia dari.

"Raha eh?" Bibi akasema kutoka uani. "Mke mwenza, hebu fungua maji. Tangi limekaa tupu, nataka kusikia linajaa."

Mama akanikamata bega. "Ukigusa ile koki..."

"Siigusi," nikamnong'oneza. Mimi ni mchokozi, si muuaji.

Nikaenda chini ya dirisha, nikafungua koki ya bustani. Lakini mabomba yote mawili yanapita kwenye ukuta mmoja, na ukiwa ndani huwezi kujua lipi linaimba. Ukuta ukaanza kunguruma taratibu, kama birika linalokaribia kuchemka. Maji yakawa yanamiminika kwenye majani miguuni mwangu bila kelele. Nikachungulia dirishani.

Bwana Dhamana alikuwa hatazami dari nzima. Macho yake yalianza ukutani, yakapanda na ufa, yakaufuata polepole hadi juu ya kifua chake, yakarudi, yakaufuata tena. Midomo yake ilikuwa inatembea. Alikuwa anahesabu kitu, nami nikajua, jinsi unavyojua bwenini kwamba mtu hajalala ingawa anakoroma, kwamba anahesabu vitu visivyokuwepo. Mguu mmoja ukashuka sakafuni, peke yake.

"Limeshajaa?" akaita.

"Bado sana, mwanangu," Bibi akasema. "Ni tangi kubwa."

Ukuta ukatoa mlio mmoja, mabomba tu, na Bwana Dhamana akatoka kitandani kama mtu aliyesukumwa. Aligonga fremu ya mlango kwa bega, akawa uani, akipiga kelele, "Zima! Zimeni maji! Toeni watu!"

Nikafunga koki. Nikainua mpira wa bustani aone ulipokuwa unamwagia. Nilikuwa nimejiandaa kuinama mbele ya watazamaji kama ilivyo desturi yangu, lakini hakuna aliyecheka, na mimi mwenyewe, nilipoona bado analitazama tangi kule juu, niliuweka mpira chini polepole. Kwa muda wote ule tulikuwa tunashuku. Kushuku kuna raha yake, unakuwa mjanja. Sasa tulijua, na Bibi alikuwa amelala mle ndani tangu chumba kimalizike.

Bwana Dhamana alikaa juu ya mfuko wa saruji. Vijana wake walitazama pembeni.

"Mirunda niliitoa mapema," akasema. "Zile mbao za kushikilia zege lisianguke kabla halijakomaa. Zilikuwa za kuazima, mwenyewe alizitaka. Na nondo hazikutosha. Nikaziachanisha. Nilidhani saruji itabeba."

"Kwa nini hukuniambia?" Baba akauliza. "Kwa nini hukuniambia tu kwamba hujui kazi hii?"

"Visima vimekwisha, ndugu yangu. Kila mtu anavuta bomba. Ulikuja kwangu umefurahi, unataka kumjengea mama yako, ukaniuliza kama kazi yangu ni nzuri. Kazi yangu ni nzuri. Hukuniuliza kazi yangu ni ipi."

Nilimwona Baba akilipokea jambo hilo na kuliweka mahali, kama anavyoweka dawa kwenye rafu yenye jina lake. Halafu akasema, kwa sauti ambayo sikuijua, "Nilikuwa sijui kuuliza. Wewe ulikuwa unajua kujibu."

Mama, ambaye machozi ya watu ameyaona ya kila aina na hayamcheleweshi, alimsogelea Bwana Dhamana.

"Nimepata mkandarasi wa majengo," akasema. "Namba yake nimeiuliza Bodi, na nimeuliza ni ya nini. Bima yake nimeipigia simu. Anakuja kubomoa hili zege, na atakuja na vijana wake, nao wana mama zao. Lazima ajue nondo ziko wapi na haziko wapi. Wewe ndiye unayejua. Hilo huwezi kulifunika na kidole."

Bwana Dhamana akaitoa penseli nyuma ya sikio, akainuka, na kabla mtu hajamzuia akaingia tena chumbani. Safari hii hakusimama mlangoni. Alivua viatu, akapanda juu ya kitanda cha Bibi, akaanza kuweka alama darini. Alianzia ukutani: msalaba mmoja, akafikiri, wa pili. Kila palipokuwa na msalaba hapakuwa na chuma. Baba alisimama kizingitini akimwambia atoke, atatuchorea kwenye karatasi nje. Alisema hapana, kwenye karatasi atakosea, hapa mkono unakumbuka. Misalaba ikaufuata ufa, ikaupita, ikatawanyika pande zote mbili.

"Na hapo penye kifua changu?" Bibi akauliza kutoka kwenye kiti chake.

Mkono wa Bwana Dhamana ulisita hewani. Akaweka msalaba. Akaweka mwingine karibu nao. Akaweka wa tatu, akaushusha mkono, akabaki amesimama hapo juu ya shuka za Bibi na soksi zake, shingo imepinda nyuma, vumbi jembamba la plasta likimwangukia usoni.

"Nimekusikia, mwanangu," Bibi akasema. "Umesema kweli, na nimekusikia. Sasa shuka, utoke humo. Dari haijui kama umetubu."